Mwalimu Modesta na Watoto wa Mwamba

Nansio, Ukerewe
7 Oktoba 2024

Kwa mwenye duka la gemu, Kirumba, Mwanza.

Ndugu,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimefundisha miaka thelathini na minne na sijawahi kuandika barua ya namna hii. Duka lako nimelisikia kwa Kashindye, karani wa meli, ambaye ndiye anayekuletea bahasha hii na ndiye atakayerudi na jibu. Tafadhali usinipigie simu. Simu ya hapa nyumbani hupokewa na dada yangu Sabina, na jambo likishafika kwa Sabina limeshafika sokoni.

Shida yangu ni hii. Mwanangu Venant alikuwa na mashine ya gemu alipokuwa kidato cha nne. Alikuwa akicheza gemu moja gumu sana, la mtu mwenye upanga anayekufa kila baada ya dakika mbili na kuanza upya. Matokeo ya mtihani wa majaribio yalipotoka mabaya, niliiuza mashine akiwa shuleni, pamoja na gemu lililokuwa ndani yake. Alirudi akakuta meza tupu. Alimaliza shule, akaenda chuo cha ufundi Mtwara, akapata kazi hukohuko kwenye kiwanda cha korosho, na huu ni mwaka wa tano hajakanyaga Nansio. Kila Jumapili hunitumia ujumbe wa maneno matatu au manne. Sasa ameandika kwamba Krismasi atakuja, siku mbili tu.

Mashine kama ile nimeshaipata kwa mwalimu mwenzangu aliyehama. Gemu lenyewe silipati. Nimeambiwa yako mengine yaliyotengenezwa kwa kuliiga. Je, yanafaa kununuliwa, au ni fedha ya kutupa ziwani? Niambie ukweli. Nimesahihisha insha maisha yangu yote, na mtu anayejaza ukurasa tu namjua.

Wako,
Modesta

*

Kirumba, Mwanza
11 Oktoba 2024

Mwalimu, shikamoo.

Barua yako imenikuta kaunta nikajikuta nimesimama wima kama niko mstarini. Nina mwaka wa kumi na duka hili, na barua nilizowahi kuletewa ni za leseni na za kodi ya pango. Mimi ni mwanamke, Mwalimu, si "ndugu" wa suruali uliyemfikiria. Naitwa Prudencia Kaijage, mzaliwa wa Muleba. Najua mnavyotusema, kwamba Mhaya hawezi kujibu swali dogo kwa maneno madogo. Ni kweli kabisa, nivumilie.

Gemu unalolisema lina jina la Kizungu refu, lakini hapa wateja wanaliita Mwamba. Kwa mashine ya zamani kama yako, Mwamba hauzwi tena popote mjini. Nakala ninayoijua ni moja, ni ya kwangu, na siiuzi hata aje waziri.

Yale ya kuiga tunayaita watoto wa Mwamba, na wamejaa kama dagaa. Ninao watatu wanaoingia kwenye mashine yako. Wa kwanza ni wa mtu mwenye shoka. Wameiga giza, wameiga mvua, wameiga kufa. Ila adui anakukata akiwa upande wa pili wa ukuta, na ukifa hujui umekosa nini. Huyo sikuuzii. Wa pili anapendeza macho, nguo zinapepea, lakini mabosi wanane, wale maadui wakubwa, wote ni mtu yuleyule amebadilishwa kofia. Wa tatu tunamwita Bonde. Ametengenezwa na watu wachache wasio na kitu, shujaa anatembea kama amevaa gumbuti zilizojaa maji, na sauti zote nadhani ni za mtu mmoja. Lakini ukifa, unajua kosa ni lako. Wateja huliacha siku ya tatu wakisema "huyu siyo Mwamba". Nina nakala sita za Bonde zinakula vumbi, kwa hiyo ukiona namsifia kumbuka kwamba mimi ni muuzaji.

Kipimo changu ni hiki tu. Mwamba anakuua ili akufundishe. Watoto wake wengi wameiga kuua, kufundisha wakakusahau.

Na kabla Venant hajafika, nani atalijaribu? Kama ni mjukuu, mwambie asivunje pedi, kile kidude cha mkononi cha kuchezea, kwa hasira. Huwa zinavunjika sana wiki ya kwanza.

Mwanao,
Prudencia

*

Nansio
19 Oktoba 2024

Marahaba Prudencia.

Nakurudishia barua yako pamoja na hii. Nimeisahihisha kwa wino mwekundu, ni mazoea, usichukie. Umepata 78. Alama nyingi umezipoteza kwa kurefusha, lakini aya ya mwisho kuhusu kuua na kufundisha nimekupa zote.

Kuhusu kuiga sina ugomvi nako. Nilifundisha Kisesa miaka sita, jirani na Bujora. Kule kuna vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinashindana kila msimu baada ya mavuno. Mwaka huu kundi moja likicheza na nyoka, mwakani lenzake nalo linakuja na nyoka. Sijawahi kumsikia Msukuma akiwazomea kwa sababu wameiga. Wanasogea mbele kutazama huyu nyoka wa pili atafanywa nini ambacho wa kwanza hakufanywa. Akiletwa tu akazungushwa shingoni kama mwaka jana, watu wanahamia kwa wapinzani.

Kwa hiyo niletee Bonde. Fedha anayo Kashindye. Mtu wa hapa nyumbani ataanza nalo taratibu ili Krismasi mambo yawe tayari.

Modesta

*

Nansio
2 Novemba 2024

Prudencia,

Ninayo malalamiko. Mtu wa hapa nyumbani ameshakufa mara sitini na moja, na bado yuko getini. Najua idadi kwa sababu tunaandika kwenye daftari: kifo cha ngapi, mahali, sababu, na la kufanya kesho. Bila andalio la somo hakuna somo.

Linalonisumbua ni tabia. Kwenye gemu hili kuna wazee wengi. Wengine wamekaa, wengine wanatembea na fimbo, na yuko bibi mmoja ameinama chini ya daraja la hapo getini anaosha nguo. Mchezaji wetu akifika kwa mzee anaweka upanga chini na kuinama kama inavyotakiwa, maana kitufe cha kuinama kipo. Kila mara anakatwa kichwa akiwa bado ameinama. Bibi wa darajani peke yake ameshamuua mara kumi na saba kwa ubao wa kufulia. Hao walioliunda hawakulelewa?

Ongeza betri za pedi. Zimeisha.

Modesta

*

Kirumba, Mwanza
6 Novemba 2024

Mwalimu wangu, shikamoo.

Nimesoma barua yako mbele ya wateja (nisamehe) na kuna jamaa ameanguka kwenye benchi. Duka zima linauliza huyu mchezaji ni nani, apewe medali. Mwalimu, kwenye Mwamba na watoto wake wote hakuna anayeamkiwa! Ukiona mzee, unamzunguka nyuma unamkata kabla hajageuka. Kile kitufe cha kuinama ni pambo, watu wanakitumia kudhihakiana.

Halafu nikakaa nikafikiri. Tangu lini mjukuu wa siku hizi akamwamkia mtu bila kusukumwa mgongoni? Na daftari la vifo, lenye safu ya sababu na ya la kufanya kesho?

Mwalimu Modesta, huyo mtu wa hapo nyumbani ni wewe.

Usiogope, sijamwambia mtu. Sabina ndiyo kabisa. Lakini niambie, kuna nini? Ungeweza kumwekea Venant mashine mezani, akija aikute, yaishe. Kwa nini unakufa mara sitini na moja?

Betri hizo hapo, na biskuti kidogo.

Prudencia

*

Nansio
1 Desemba 2024

Prudencia mwanangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na aibu, halafu nikawa na kazi.

Ndiyo, ni mimi. Nafunga mlango, Sabina namwambia natunga mitihani ya majaribio kwa ajili ya shule ya parokia. Nina miaka sitini na mitatu. Kidole gumba kimevimba.

Umeuliza kwa nini. Baba yangu alikuwa mwalimu mkuu, na watu wa Ukerewe mpaka leo wanamtaja. Alikuwa na fimbo, lakini alikaa na mtoto mjinga mpaka jua linazama, wakirudia hesabu moja mara ishirini. Mimi nilimwiga. Nikachukua ule ukali, na kule kukaa nikakuacha, maana kukaa kunachosha. Venant alipofeli sikumuuliza chochote. Niliuza. Wewe uliandika kwamba watoto wengi wa Mwamba wameiga kuua na kufundisha wakakusahau, na mimi nikakupa alama zote. Ulikuwa unanisema mimi.

Sitaki kumpa mashine kama mtu anayelipa faini. Atasema asante mama, siku mbili zitapita, ataondoka, nami nitakuwa sijamjua. Nataka nikae naye. Na siwezi kukaa na mtu kwenye kitu nisichokijua, nitakuwa namsumbua tu. Basi ndiyo nakufa.

Sasa kazi yenyewe. Yule bibi wa darajani sikuacha kumwamkia. Mara ya thelathini na nane niligundua kwamba ubao wake unapita juu ya kichwa changu iwapo nimeinama mapema, nikiwa mbali kidogo, kama mtu aliyelelewa vizuri anavyofanya. Ubao ukapita. Sikuinuka. Akapiga tena, ukapita tena. Mara ya tatu akaweka ubao chini, akasimama, akanishika mkono, akanipitisha nyuma ya maporomoko. Kuna bonde jingine zima huko, Prudencia! Kuna mashamba, kuna watu wanaokaribisha. Wewe uliambiwa na nani kwamba kile kitufe ni pambo?

Mama yako,
Modesta

*

Kirumba, Mwanza
17 Desemba 2024

Mwalimu, shikamoo mara tatu.

Nilifunga duka saa tano asubuhi, siku ya biashara, nikawasha Bonde. Wateja niliofungia nao ndani wakasimama nyuma yangu. Nikainama mapema kama ulivyoelekeza. Ubao ukapita, ukapita tena. Bibi aliponishika mkono, watu wazima wenye ndevu walipiga kelele mpaka fundi cherehani wa jirani akaja kuuliza kama ni goli. Mwalimu, hilo gemu lina miaka minne dukani kwangu! Tulikuwa tunalicheza kama Mwamba, ndiyo maana tukaliona Mwamba mbovu. Hakuna aliyelicheza kama lenyewe. Nakala zimekwisha zote, na kuna mtu kutoka Misungwi ameacha namba yake.

Lakini sikuandika kwa ajili hiyo. Nimeisoma barua yako mara nne, nikamsomea na mume wangu Mutalemwa, na sote wawili tumeona jambo moja. Venant alinyang'anywa Mwamba. Hakunyang'anywa Bonde. Mtu ukimchukulia ng'ombe, humrudishii mbuzi ukaanza kumweleza utamu wa mbuzi. Bonde umelipenda wewe, na mimi sasa nalipenda, ila kidonda ni cha Mwamba.

Kwa hiyo ndani ya bahasha hii kubwa kuna ile nakala yangu. Mimi na Mutalemwa tulilimaliza pamoja wiki ya kwanza ya ndoa yetu, tulipotakiwa kwenda kusalimia wakwe, na mpaka leo tunasemwa Muleba nzima. Ndiyo maana siiuzi. Wewe sikuuzii, nakupa.

Prudencia

*

Nansio
22 Desemba 2024

Prudencia,

Nimempokea Mwamba. Nililia, Sabina akauliza nani kafa.

Nimemweka kabatini akiwa bado ndani ya karatasi uliyomfungia. Pengine uko sahihi, na hilo ndilo linaninyima raha. Nikimpa Mwamba, atacheza peke yake, maana huko mimi sijui hata mlango uko wapi. Nikimpa Bonde, nitakuwa nimemchagulia tena mimi.

Keshokutwa meli inamleta. Chumba nimekifagia mara tatu. Nimeandika maneno ya kumwambia, nimeyasahihisha, nimejipa 40. Niombee.

Modesta

*

Nansio
2 Januari 2025

Dada Prudencia, shikamoo.

Hatufahamiani. Mimi ni Venant, mtoto wa Mwalimu Modesta. Ameniagiza nikuandikie mimi kwa sababu yeye hana nafasi, na utaelewa hapo chini.

Nilishuka melini tarehe 24. Mama mkubwa Sabina alikuwa ananisubiri gatini, na kabla sijatua begi aliniambia kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mwanangu, mama yako anapigana na watu ndani ya TV, na anawaamkia." Kumbe alijua tangu Novemba, na soko zima linajua. Mwenye kutokujua ni mama peke yake, na tumekubaliana abaki hivyohivyo.

Nilikuja na hofu ambayo mama hakuijua. Yeye alidhani nimekaa mbali kwa hasira ya mashine. Ile hasira iliisha kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Nilikaa mbali kwa sababu chuo sikumaliza. Nilifeli masomo mawili mwaka wa pili, nikaona aibu, nikaacha, nikaanza kubeba magunia kiwandani mpaka wakanisogeza kwenye mashine. Mama nilimwandikia kwamba cheti kinakuja. Utarudije kwa mwalimu wa miaka thelathini na minne bila cheti? Kila mwaka nilikuwa nakata tiketi kichwani, halafu naisogeza mbele. Safari hii nilikuja kumwambia na kuondoka upesi, ndiyo maana nikasema siku mbili.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya TV. Alisimama akatoa karatasi mfukoni, akaanza kusoma, akaishia kwenye "Mwanangu Venant". Karatasi ikamshinda. Akasema tu, "Nisamehe. Nilikuwa mvivu wa kukaa na wewe." Mama yangu, dada. Sijawahi kumsikia akiomba radhi hata kwa kumkanyaga mtu kanisani.

Nikachukua daftari lililokuwa mezani ili nipate pa kuweka macho. Nikasoma: "Kifo cha 214, darajani juu: nilikimbilia. Cha 215: nilikimbilia tena. Cha 216: nilikasirika, nilistahili." Kurasa na kurasa, kwa mwandiko uleule ulionifundisha kuandika jina langu. Nikamwambia yote ya chuo, nikiwa bado nimelishika.

Halafu akauliza, "Hayo masomo mawili uliyarudia mara ngapi?"

Nikasema, "Sikuyarudia, mama."

Akasema, "Mimi mpaka jana nimekufa mara mia nne na kumi na moja." Akanisogezea kigoda cha pili.

Baadaye alifungua kabati akanionyesha Mwamba, akaniambia nichague, na akageuka dirishani ili nisione uso wake. Dada, Mwamba nilimmaliza zamani, Mtwara, kwa rafiki, siku moja ya mapumziko. Jina la mwisho la waliolitengeneza lilipopita kwenye kioo niligeuka nimwambie mtu, nikamkuta rafiki yangu amelala. Nilizima nikaenda kununua chipsi. Kwa hiyo nakala yako anakuletea Kashindye, karatasi haijafunguliwa. Mwambie shemeji Mutalemwa tunashukuru sana, mama amesema kitu cha ndoa ya watu kirudi kwenye ndoa yao.

Tukawasha Bonde. Mimi nilijua ninajua. Nikaingia mbio kama Mwamba, nikafa getini mara kumi na tisa, na mama akaziandika zote kwa wino mwekundu, jina langu juu, akisema kwa upole ambao unaudhi kuliko fimbo, "Umekimbilia. Tazama tena." Krismasi tulikula pilau saa kumi jioni kwa sababu yangu. Siku ya tatu bibi wa darajani alinishika mkono, na mama mkubwa Sabina, aliyekuwa anachungulia mlangoni akijifanya anatafuta ungo, akapiga vigelegele. Tangu hapo ungo hautafutwi tena, amekuja na kiti chake.

Chuo wamesema naweza kurudia yale masomo mawili mwezi wa nne. Asubuhi tunafanya hesabu za umeme, mama hazijui, anajifunza sambamba nami na anauliza maswali ya kijinga mpaka ninaelewa mimi. Mchana ni Bonde.

Anasema nijibu na lile swali alilokuuliza Oktoba, kwa sababu mwalimu haachi swali lake wazi. Watoto wa Mwamba wananunulika? Anasema mmoja kati ya watatu, na huyo umpe muda wa kukuonyesha kilicho chake kabla hujamlinganisha na baba yake. Mimi naongeza kwamba ununue ukiwa na mtu wa kucheza naye.

Begi langu lilikuwa na nguo za siku mbili. Leo ni siku ya kumi, nimevaa shati la marehemu babu, kiwandani nimeomba ruhusa kwa mara ya pili, mama bado ameshika pedi anasema "hili bosi moja tu nakupisha", na zamu yangu haijafika tangu saa nane.

Mdogo wako,
Venant